Siku Niliyotia Samli Kwenye Chetezo

Jumamosi, saa kumi na robo, tumetoka tu kuswali alasiri, ndipo aibu yangu ilipoanza, na naiandika kwa sababu nikiinyamazia itaniozea moyoni.

Babu alikuwa ametoka hospitali siku ile. Mshipa wa moyo wake uliziba, wakauzibua, damu ikarudi, na daktari akasema samli asiionje kwanza. Lakini nyumba yetu hapa mtaani Kuze ilijaa wageni wa kumwangalia mgonjwa, na Nyanya ameshampakulia bokoboko la ngano na nyama linaloogelea samli.

"Mgonjwa hapati nguvu kwa maji," akasema.

Mimi (ambaye nikisalimiwa tu nasahau jina langu) nilitaka kuwaambia alichonieleza mwalimu wa bayolojia: moyo ukirudishiwa damu hurukia kuchoma mafuta, nayo mafuta yanataka oksijeni nyingi kuliko sukari kwa nguvu ileile, basi misuli iliyoanza tu kuamka inahangaika. (Alinionya pia kwamba samli ya sahani si moja kwa moja yale mafuta ya kwenye damu, lakini hapo hilo sikulikumbuka.) Ulimi ukagoma. Nikaona chetezo cha udi kando ya Babu, makaa yanafifia, nikasema moyoni, nitawaonyesha. Nikapepea, hiyo ndiyo damu kurudi, makaa yakaamka, nikachota kijiko kizima cha samli, nikatia.

Mama weee! Moto ukaruka, moshi ukajaa sebule, Babu akaanza kukohoa, na Bi Salma wa jirani akapiga ukelele "Moto!" huku akimwaga jagi la sharubati, nusu kwenye bokoboko, nusu kifuani kwa Babu, kifua kilekile cha kuogopewa.

"Ewe mtoto, wamfukiza babuko kwa samli?" Nyanya akauliza.

"Ni... moyo wake," nikasema, nikakimbilia darini. Nyuma nikamsikia Babu: "Mwacheni. Kiu ya sharubati nilikuwa nayo."

Walicheka mpaka magharibi. Nimeapa: kazi ya ulimi sitaupa moto tena.

Basi leo asubuhi Nyanya kateleka bokoboko jingine, kashika kopo la samli. Nikalishika kopo upande wa pili.

"Nyanya, daktari amekataza. Babu asile samli."

Akanitazama. "Kumbe una sauti," akasema, na kopo hakuliachia. Nami sikuliachia.

Aliyechoka kwanza ni yeye.