Kasiksi ya Marakuja Niliyoiita Imechacha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliua pombe ya mtu kwa neno moja tu. Nayaandika haya katika kaye yangu, hili daftari la shule, minye niliyeishia darasa la sita, na sijui kama nitayapanga vizuri. Usome tu polepole.

Nilikuwa kijana, sijaoa bado. Ilikuwa mchana, nyumbani kwa baba mkubwa, mtaa wa Kasenga, na familia ilikuwa inatafuta pombe ya ndoa ya dada yangu. Mama Riziki wa Nyakabere alileta bidoni moja, dumu dogo la kuonjesha. Wote tulimjua kwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, lakini safari ile alikuwa amebuni kitu. Alikamulia ndani marakuja, yale matunda ya pasheni, na mananasi, mengi sana, mpaka pombe ikawa nzito kama uji na njano kama kiini cha yai. Ikipendwa, yeye ndiye angetengeneza pombe ya ndoa nzima, na jina lake lingefika mpaka Kavimvira. Ndicho alichokuja kutafuta.

Kwetu mwenye kutengeneza ndiye anayeonja wa kwanza, watu wakimwona, ndipo anapitisha kikombe. Mama Riziki akaonja, akafumba macho kidogo, akacheka. Akanipa minye, kwa sababu nilijisifu kila mahali kwamba najua pombe.

Nikavuta funda moja. Lo! Taya zikanibana, mate yakajaa kinywa. Kwanza ukali wa marakuja, kisha nanasi, kisha ndizi, nyuma kabisa, kama mtu aliyechelewa misa. Ulimi wangu ulitaka kuuliza. Lakini wote walikuwa wananiangalia, nami niliogopa kuonekana sijui. Nikatema chini, nikasema: "Imechacha."

Unajua lile neno. Kwa mwenye kutengeneza pombe maana yake ni imeharibika, imwagwe.

"Eh, Mama Riziki, umetuletea siki?" shemeji mmoja akamtania. "Hiyo iko ya salade!"

Watu wakacheka, na vikombe vikabaki mezani bila kuguswa. Mama Riziki akakaza kifuniko cha bidoni, akakikaza tena, ingawa kilikuwa kimeshafunga.

Baba mkubwa akatoka ndani, akaomba kikombe. Akanywa polepole. Midomo ikamkunjana kama yangu.

"Mama, uliweka nini humu?"

"Marakuja, baba. Na nanasi. Nilitaka ikuwe kali hivi."

"Ulitaka?"

"Ndiyo. Kila siku nilikuwa naionja, mpaka ikafika."

Baba mkubwa akanigeukia. "Weye, ulimuuliza?"

"Hapana, baba."

"Basi haukuonja. Ulitema tu."

Niseme haki: baba mkubwa mwenyewe hakumaliza kikombe, alisema inamshinda tumbo. Na pengine hata ningeuliza, familia ingechukua kasiksi ya kawaida, kama ilivyofanya. Sijui. Lakini hawakuikataa kwa ulimi wao. Waliikataa kwa ulimi wangu.

Juma lililofuata nilienda Nyakabere kumwomba radhi. Alinisamehe, akanifungia na ndizi za kubeba. Nikamuuliza ile ya marakuja iko wapi, nilitaka kuionja vizuri.

"Ile? Niliachaka kuitengeneza. Si weye ulisema imechacha?"

Mwaka huu mjukuu wake wa kike ameniletea chupa. Pombe ya matunda, nzito, anaitengeneza mwenyewe kidogo kidogo. Akaonja wa kwanza, akanipitishia kikombe. Taya zikanibana vilevile, miaka yote ile! Safari hii nikameza. Nikamuuliza: "Uliweka nini, mama? Ulitaka ikuwe hivi?" Akanieleza mpaka povu likatulia kabisa. Nikanywa kikombe cha pili, kwa hamu ya kujua zaidi kuliko kwa utamu, siwezi kudanganya. Kisha nikamwambia kwamba bibi yake aliitengeneza kabla yake, na nani aliyeiua.

Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia.

Basi mwanangu, ukipewa kitu kipya, meza kwanza, halafu muulize mwenye kukitengeneza alitaka kiwe nini. Baada ya hapo sema unakipenda ao haukipendi, zote ni haki yako. Lakini usimwage kazi ya mtu kwa sababu unaona haya kusema "sijui." Mungu akupe ulimi wenye subira, na kila atakayekupitishia kikombe asijute kwamba alianza na weye.