Kombe la Zaina

Nakumbuka siku moja kule Kadutu, bado wakati ya Babeleji, wazungu waliotutawala, niliposimama na sahani ya kombe mukononi, nikiwa kijana mwenye kichwa kigumu. Mwanangu, jana nimekusikia ukisema kwamba anayesali sana hagonjwi, tena anaishi miaka mingi. Umenikasirisha. Kaa hapa unisikilize.

Binti yangu wa kwanza, Zaina, alikuwa anahara siku ya pili. Muzee wetu wa musikiti, mwalimu Rashidi, akaniandikia aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ndiyo kombe. "Osha maandishi na maji, umunyweshe," akasema, "kisha umupeleke dispanseri." Mimi nikashika nusu ya kwanza tu. Nilijiona mutu wa imani, kumbe mujinga.

Muke wangu alitaka kuchemsha maji kwanza, kwani infirmiye, muuguzi wa dispanseri, alikuwa ametuambia maji ya kijito iko mabaya. Nikamukatalia. Nikamuambia, "Moto utaunguza maneno ya Mungu." Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Nililitunga mwenyewe, nikaliamini kabisa. Nikachota maji mabichi ya kijito, nikamunywesha Zaina asubuhi na magaribi, siku tatu. Dispanseri ilikuwa karibu sana, hata sigara haiishi ukiwa njiani. Siku ya nne tukamuzika.

Kwenye matanga watu waliniambia, "Pole, papa Zaina, Mungu amependa." Mwalimu peke yake alikataa. Akanikazia macho mbele ya wote. "Usimusingizie Mungu," akasema. "Nani alikuambia maneno yake yanaogopa moto?" Muke wangu aliinama.

Mwalimu huyo aliishi miaka mingi, akazika hata vijana waliomuzidi nguvu. Munasema ni sala. Ndiyo, ni sala: ilimunawisha mikono mara tano kwa siku, ikamuweka mbali na pombe. Lakini maji yake ya kunywa aliyachemsha, na homa ikimushika alikuwa wa kwanza kufika dispanseri. Hilo hamulisemi.

Basi nakuambia waziwazi: omba, funga, andikiwa kombe ukitaka, lakini mutoto akigonjwa chemsha maji, umupeleke kwa munganga wa dispanseri siku ile ile. Mungu akujalie uzee, mwanangu, na watoto wako wakuzike wewe, si wewe kuwazika wao.