Usiku Mmoja Mbele ya Bunda

Harufu ya dagaa walioanikwa juani ndiyo iliyoniponza. Kwetu Makoko neno kambi lilikuwaga na harufu hiyo. Kambi ni kule walikolala wavuvi, vibanda vya nyasi, mbu kama wamemwagwa kwa debe, mtu anajifunika gunia na asubuhi nguo zake hazikaribiwi. Mama akitaka kututisha alisema, “Nitakupeleka kambini kwa baba yako ukalale huko.” Basi kiangazi kimoja kikali baba mdogo Manyama, mpishi wa watalii ndani ya hifadhi, mbele ya Bunda, akatuchukua tukaone wanyama, mimi na Perpetua, binti wa shangazi Tabitha wa Buswahili. Tungelala usiku mmoja tu. Perpetua nilikuwa simpendi, niseme ukweli. Alikuwa na viatu, alikuwa na sauti ya kwaya, na bibi yetu Nyabweke akigawa sato, kichwa kilimwendea yeye. Safari ile nilitaka mimi ndiye nirudi na cha kusimulia.

Tulikuta nchi imekauka kama jangwa, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Wageni hawakuwepo, msimamizi akaruhusu tulale. Baba mdogo akasema, “Nyangeta, wewe ndiye mkubwa, chagua. Mmoja atalala kambini na mama yako mdogo Anastazia, mwingine kwenye nyumba ya wapishi.” Sikungoja amalize. “Nyumba!” nikasema, nikimwangalia Perpetua nione anavyoumia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, dirisha limezibwa kwa bati kwa ajili ya fisi. Sikuona hata mkia.

Asubuhi nikaenda kumcheka mwenzangu. Nikakuta hema kubwa la turubai, kitanda cha chuma, mashuka meupe, chandarua, na Perpetua amekaa katikati kama bibi harusi. “Dada, twiga alikuja mpaka hapa, kivuli chake kikapita juu ya turubai! Nyie huko mliona nini?”

“Waliona bati,” mama mdogo akanijibia, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Twiga huyo Perpetua amemsimulia kisimani, kanisani, hata kwenye harusi yangu mbele ya wakwe zangu. Kila akimsimulia anazidi urefu.

Siku hizi watu wanachagua pa kulala kwa simu. Juzi mjukuu wangu Veronika, anayekaa Buhare na anayetaka kunipeleka hifadhini, alinionyesha picha moja moja: hapa pana bafu, hapa pana baraza, hapa unaona nyumbu ukiwa umelala. Mimi zamani sikuonyeshwa picha, niliulizwa neno moja tu nimesimama na vumbi langu. Nikachagua hema la vitanda vitatu, maana la viwili lilikuwa limejaa. Veronika akafurahi, “Basi bibi, tumchukue na bibi Perpetua.” Nikamwambia Perpetua magoti yanamsumbua, safari haiwezi. Magoti hayamsumbui. Jana nimemwona anapalilia mihogo yake tangu alfajiri mpaka saa saba.