Nipe Mkono Kwanza

Usiku ule nililala nimenuna. Kwa miezi mingi maabarani nilikuwa nikihangaika na swali moja: seli inapotaka kugawanyika, kinasi, yaani kile kimeng'enya kinachozipa protini alama ya fosfeti, huitambuaje protini yake katikati ya umati wote ule? Nilikuwa na protini moja niliyoiamini. Nilikata kipande chake kidogo, pale tu alama inapowekwa, nikakitia pamoja na kinasi. Kinasi haikukigusa. Msimamizi wangu akaniambia kwa upole kwamba kesho tuiache protini hiyo, tutafute nyingine. Iliniuma sana.

Usingizi ulikuja na harufu ya mafuta ya nazi. Nikajikuta Muheza, nje ya chumba cha Bibi, mama yake baba, aliyefariki nikiwa kidato cha pili. Bibi alikuwa haoni. Kila asubuhi alitupaka tone la mafuta kwenye paji la uso, na asiyepakwa haendi shule. Lakini hakuanzia usoni hata siku moja. Mkono wake wa kushoto ulikipapasa kiwiko chako kwanza, akishakujua ndipo wa kulia unapanda.

Sasa amekaa kitandani, kibakuli mapajani, na wajukuu wamejaa chumba kizima, hata wale ambao siku hizi wana mvi. Mlangoni hapapitiki. Naingiza kichwa dirishani, kichwa peke yake. Vidole vyake vinafika kwenye paji langu, vinasita, vinaenda kwa mwingine.

"Bibi, ni mimi, Mwanaidi."

Hageuki. Wenzangu wanapakwa na kuondoka, mafuta yanakaribia kwisha, nami nalia kama mtoto. Nimemkumbuka mno bibi yangu, naye hanijui. Mara dirisha limekuwa kioo cha maabara, na Bibi amevaa koti langu jeupe, limempwaya. Anatabasamu vile alivyokuwa akitutania tukikaidi.

"Mapaji yote ni mamoja, mjukuu wangu. Mkono umeuacha wapi?"

Naupenyeza mkono. Anakishika kiwiko, analitambua kovu langu la utotoni kwa kidole gumba, hakiachii. Tone la mafuta linatua kwenye paji, la baridi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha na paji lilikuwa kavu. Kabla hata ya kupiga mswaki nilimpigia simu msimamizi, nikamwomba tusiiache ile protini. Pengine kinasi huishika kwanza mahali pengine, mbali na penye alama, na kipande hicho cha protini mimi ndiye niliyekikata na kukitupa. Nikasema leo naijaribu ikiwa nzima.

Akasema haya, nijaribu. Akauliza ni nani aliyenishauri.

"Bibi yangu," nikasema.

Akaniambia nimfikishie shukrani. Nilikaa kitandani nimekishika kiwiko changu, nikamfikishia.