Nyumba Isiyoezekwa

Harufu ya gundi ya mbao hunifukuza mpaka leo. Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi mmoja hapa Handeni kufuata kabati langu, naye akafungua kopo la gundi abandike ukingo uliokuwa umebanduka. Nikajikuta nimerudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akaniuliza kama vumbi linanisumbua kifua. Nikamjibu ndiyo, maana ningeanzaje kumweleza mtu niliyemfuata kwa ajili ya kabati tu kwamba harufu ile inanirudisha Korogwe, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, nikiwa na miaka minane, nikilia mbele ya kijumba kisichozidi kopo la maziwa ya unga? Yeye sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa seremala. Mchana alitengeneza vitanda, milango na majeneza kama mafundi wengine. Jioni, kazi za watu zikiisha, aliingia chumba cha nyuma kufanya yake. Huko alikuwa na reli. Familia moja ya wageni waliokuwa wakisimamia shamba la mkonge ilipofunga virago kurudi kwao, ilimwachia boksi lenye treni ya kuchezea: injini ya kijani, mabehewa yake, na vipande vya reli vya kuunganisha. Baba alilaza mlango wa zamani juu ya mapipa, akaizungusha ile reli juu yake, akafunga betri za redio, na treni ikatembea. Mwingine angeridhika hapo. Baba alisema treni inayozunguka mahali pasipo na watu ni sawa na mdudu aliyepotea njia. Akaanza kuijengea mji.

Karibu kila kitu alikiokota. Kuta alizikata kwenye mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu mwepesi unaochipuka katikati ya mkonge uliozeeka, kwa kuwa hukatika kwa wembe. Vioo vya madirisha vilitoka kwenye plastiki ngumu ya maboksi ya mashati. Lakini mabati ndiyo yaliyonishangaza. Alichukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akailaza juu ya chanuo la mama, akapitisha ukucha polepole, nayo ikatoka na migongo na mifereji kama bati lenyewe. Kila asubuhi mama alikuwa akitafuta chanuo lake.

"Liko mjini," baba alimjibu, na mama alijua ni mji upi.

Hakuwa akibuni nyumba kichwani. Aliteua jengo la kweli, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara na kulitazama kama mtu anayetaka kulinunua, kisha akapima kwa kamba. Mlango wa kila nyumba aliutoa sawa na ukucha wa kidole gumba chake, na kutokana na ukucha huo akapata kuta, paa, hata ngazi. Alianza na stesheni. Watu walikuja kuitazama, wakashangaa kwa furaha, maana miaka ile treni ya abiria ilikuwa imeacha kupita na stesheni yenyewe ilikuwa imelala. Baada ya stesheni akajenga msikiti wa mtaani kwetu. Baada ya msikiti akajenga mashine ya kusaga ya Mzee Singano.

Mzee Singano nadhani alikuwa mtu mnene kuliko wote niliowajua. Daima alikuwa na unga kwenye kope. Tulipompelekea mahindi alitupigia kelele tusisogelee mkanda wa mashine, halafu akatugawia miwa. Baba alimaliza kuiezeka ile mashine ndogo siku ya Ijumaa, akanipa heshima ya kuiweka kando ya reli kwa mikono yangu. Siku chache baadaye Mzee Singano alianguka mbele ya mashine yake ya kweli, akiwa na debe mkononi. Alipoinuliwa, upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umekufa, na mdomo umekwenda upande.

Maneno yalianzia bombani. Nilikuwa nimepanga ndoo yangu, kina mama wakiwa mbele yangu, mmoja akasema bila kugeuka, "Mtu akitengenezewa nyumba ndogo hivyo, si ameshachimbiwa kaburi?" Mwenzake akamjibu kwamba fundi anayepima majeneza hashindwi kupima na mengine. Waliponiona wakanisogeza mbele nichote kabla ya zamu yangu. Upole ule ndio ulionitisha. Nilibeba ndoo huku maji yakinimwagikia mgongoni. Shuleni tulifundishwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nami tangu siku ile nilianza kuiogopa methali hiyo kama mtu anavyoogopa mbwa wa njiani.

Niliogopa kwa sababu mama alikuwa mjamzito. Kabla ya mimba ile walikuwa wamezaliwa watoto wengine wawili baada yangu, na wote hawakukaa. Hatukuwataja. Safari hii mama wa mama, Bibi Mwanaisha, alipanda basi kutoka Misima akaja kukaa nasi. Bibi alikuwa Mzigua wa kale: mfupi, mkavu, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza tu alikuta mama ameshona kikofia cha mtoto, akakichukua, akakifungia kwenye pembe ya kanga yake.

"Mtoto hatandikiwi kabla hajalia," alisema.

Basi nikawa na mambo mawili kichwani: mtoto hatandikiwi, na nyumba ndogo huchimbia watu. Nilijiambia hayanihusu. Kisha miguu ya mama ikavimba, macho yakaanza kuona kiza, na hospitalini wakasema abaki hukohuko mpaka ajifungue. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Bibi alipika, alisali, alimpelekea mama uji. Baba alikwenda hospitali kila saa za kutazama wagonjwa, akarudi, akaingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Nilisikia msasa ukikwaruza. Alikuwa akijenga, na hakuniita kama alivyozoea kuniita.

Siku ya tatu au ya nne nilisukuma mlango mwenyewe. Harufu ya gundi ilinipiga usoni. Juu ya kipande cha gazeti kulikuwa na kijumba chenye mlango wa bluu, na ngazi ya mbele iliyopasuka kwenye kona, na dirisha moja lenye ubao badala ya kioo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimelivunja kwa mpira. Pembeni kulikuwa na mpera, majani yake vumbi la mbao lililopakwa rangi ya kijani. Ilikuwa nyumba yetu. Hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwapo, ya uzi, na juu yake kanga ya mama, kitambaa kidogo kama ukucha. Kuta zote zilisimama. Mabati yalikuwa tayari mezani, yakingoja gundi.

Nilikimbia mpaka jikoni, nikamshika Bibi miguuni. Nilimweleza yote: bomba, Mzee Singano, nyumba yetu. Bibi aliendelea kukoroga uji muda mrefu. Nilitaka aseme kwamba ni upuuzi. Lakini uso wake ulikuwa umekakamaa, nami nikaona kwamba yeye pia alikuwa ameyasikia.

"Nenda kamwambie mwenye mikono yake," alisema mwishowe. "Mimi ni mkwe. Siwezi kumwingilia."

Nilirudi chumba cha nyuma. Baba alikuwa ameshika kijiti chenye gundi.

"Baba, usiezeke."

Alicheka kidogo bila kuinua macho. "Mvua ikinyesha je?"

"Baba, tafadhali. Mzee Singano ulimwezekea, akaanguka. Na mama yumo humo." Nikaionyesha kanga. Kisha nikaanza kulia.

Hapo alinitazama. Akaweka kijiti chini, akanivuta mpaka katikati ya magoti yake. "Zuhura, huu ni mti wa mkonge. Hauna macho, hauna masikio. Mzee Singano ana ugonjwa wa presha, na chumvi hakuacha. Unanisikia?" Nilisema ninasikia, lakini nilizidi kulia. Akayakusanya yale mabati, akayafunga kwenye gazeti, akayaweka juu ya kabati. "Haya. Tumngoje mama yako aje achague rangi."

Ningependa kuwaambia kwamba nilipumua. Lakini kesho yake mchana, baba akiwa kwenye benchi lake uani, walikuja watu. Mbele alikuwa Bakari, mtoto mkubwa wa Mzee Singano, na kando yake mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa akifuta jasho na asiyependa shughuli iliyomleta. Nyuma yao majirani walijaa mpaka barabarani. Niliwaona wale kina mama wa bombani.

"Fundi Saidi," alisema mwenyekiti, "kuna kitu cha huyu kijana kipo ndani kwako."

"Kitoe tukichome," Bakari alisema. Sauti yake ilikatika kama ya mtu aliyelia njia nzima. "Mzee wangu halali, hali, hasemi. Kitoe."

Nilidhani watampiga baba. Nilishika kanga ya Bibi mpaka bega lake likabaki wazi. Baba aliifuta mikono yake, akaingia ndani, akatoka na sinia. Juu yake ilikuwa ile mashine ya kusaga, na bati lake la fedha likimeta juani. Watu walirudi hatua.

"Hii hapa, Bakari. Lakini si yako, wala si yangu. Ni ya mzee. Tumpelekee, akisema ichomwe, kiberiti nitawasha mimi."

Mwenyekiti alikubali upesi, nadhani kwa furaha ya kupata njia. Tukaondoka msafara mzima, baba mbele na sinia lake kama mtu anayepeleka posa. Nilitembea nyuma nikiomba kila dua niliyoijua, hata ya kuingia chooni.

Mzee Singano alikuwa barazani, ameegemezwa mito. Sikumtambua. Mwili wake mnene ulikuwa umelegea kama gunia lililopungua, na hakuwa na unga kwenye kope.

"Shikamoo, mzee," baba alisema, akapiga magoti, akaweka sinia mkekani.

Mzee hakuitika. Alikitazama kile kijumba. Kisha mkono wake mzima ulitoka taratibu ndani ya shuka. Kidole kimoja kikasukuma ule mlango mdogo, nao ukafunguka, maana baba alikuwa ameutilia bawaba za pini. Mzee akainama, akachungulia ndani kwa jicho moja. Machozi yakamtoka, na mdomo uliopinda ukahangaika kutafuta neno.

"M... kanda," alisema.

Bakari alisogea. "Nini, baba?"

"Mkanda. Uko wapi?"

Baba yangu akajibu, "Sikuutia, mzee. Kila nikisogea kuutazama ulikuwa unanifukuza."

Sauti iliyotoka kifuani mwa Mzee Singano ilinishtua, mpaka nilipoelewa kwamba anacheka. "Mkanda" lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanguke, na Bakari aliketi chini pale pale, akafunika uso kwa mikono. Mtu mmoja nyuma alianza kukumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Wengine wakamfuata. Mashine ilibaki kwa mzee, kando ya mto wake, na baba akawa anakwenda jioni kuelekezwa mkanda unavyokaa.

Watu wazima waliona jambo limekwisha. Kwangu halikwisha. Mzee Singano alikuwa amerudishiwa jengo lake, lakini letu lilibaki mle ndani, na mama alibaki hospitali. Kila nilipotoka shule nilipita kwanza chumba cha nyuma kuhakikisha lile gazeti bado lipo juu ya kabati. Usiku niliota mabati yakijishusha yenyewe. Nilikonda. Bibi alinipa uji wake nikaumwaga chini ya mpera.

Hatimaye asubuhi moja baba alirudi kutoka hospitali akisukuma baiskeli badala ya kuipanda, nami nilipoona hivyo nilijua kwamba mama amekufa. Nilisimama uani. Baba alinifikia, akaiegemeza baiskeli kwenye mpera. Bibi ndiye aliyeuliza, "Kalia?"

"Kalia," baba alisema. "Kalia mpaka wauguzi wakacheka. Wa kike. Na mama yake mzima."

Bibi akapiga vigelegele ambavyo sijui alikuwa amevihifadhi wapi. Kumbe baba aliikokota baiskeli kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu ya kukanyaga.

Mama aliporudi na mdogo wangu, alichagua rangi ya paa, nyekundu. Baba alisema atapaka. Hakupaka, wala hakuezeka. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Mji wake uliendelea kukua kandokando ya reli, nyumba baada ya nyumba, zote zimeezekwa isipokuwa yetu. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuona haya nilimwambia, "Baba, iezeke sasa, nilikuwa mtoto." Akatabasamu, akasema nilimkataza, naye alikubali. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa akiniheshimu mimi.

Baba alipofariki, baada ya arobaini, nilikaa na mama tukizungumza habari zake, tukafika kwenye siku zile. Nikamwambia mama jinsi nilivyoogopa, na jinsi baba alivyonicheka kabla ya kunihurumia. Mama akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Alikucheka wewe? Siku ile alikuja hospitali akasimama dirishani. Akaniambia, 'Mke wangu, nimeanza kuijenga nyumba yetu ili nisikuwaze, na sasa naogopa kuimaliza. Nitaachaje, mimi ninayewaambia watu mti hauna masikio? Namshukuru Mungu leo Zuhura kanikataza.'"

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu hapo. Siku zile zote nilidhani ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mwoga mmoja tu, mtoto, na mtu mzima aliyekuwa akimtuliza. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja amesimama upande wake wa mlango wa chumba cha nyuma, na mle nyumbani yeye aliyekuwa mkubwa hakuwa na mtu wa kumlilia.