Mkandikaji wa Ilongero na Ukuta wa Kazi ya Nyumbani

Jua ndio kwanza linachomoza Ilongero, na Luciana Damiani tayari yumo kwenye udongo mpaka magotini. Anaukanyaga taratibu, mguu huu, mguu ule, gauni kalikunja na kulifunga kiunoni kwa kanga kuukuu. Kando yake pana rundo la samadi mbichi ya ng'ombe, mtungi wa maji, na chungu kilichofunikwa ambacho hataki mtu akiguse.

"Humo mna dawa yangu," anasema, kisha anacheka mwenyewe. "Wala si ya mganga. Ni masizi na maji ya mlenda."

Mwenye nyumba, Mzee Idrissa, amekaa kwenye kigoda akimtazama kwa mashaka. Kwa umri wake wote mlenda ameujua kuwa mboga ya kushushia ugali. Leo anaambiwa utapakwa ukutani.

Luciana hakuitwa kukandika tembe zima, yaani nyumba yote. Mzee anataka kipande kimoja tu kando ya mlango, cheusi na laini, wajukuu zake wapate pa kufanyia kazi wanazopewa shuleni waje nazo nyumbani.

"Wamenimalizia kuta kwa mkaa," analalamika mzee. "Hesabu mlangoni, hesabu kwenye ghala. Jana nimekuta hesabu kwenye kigoda changu hiki."

"Shukuru, mzee wangu," Luciana anamjibu huku akikanyaga. "Wangekuwa hawaandiki, hapo ndipo ungelia."

Mzee Idrissa anaguna, lakini ni mguno wa mtu aliyekubali. Anasogeza kigoda chake ili mkandikaji apate nafasi.

Luciana ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana na sauti inayofika mbali. Kukandika amefundishwa na mama yake tangu hajaolewa. Udongo huuchimba kwenye vichuguu, kwa kuwa mchwa, kwa maneno yake, wameshaukanda kabla yake. Ukuta mmoja humpatia shilingi moja, au debe la uwele, na asiye na kitu humpa kuku. Kiangazi ndicho msimu wake. Mvua zikinyesha hushika jembe na kulima kama wenzake wote.

Kazi yenyewe humuumiza mgongo, na mikono huchanika mpaka ashindwe kushika chumvi. Lakini ukimuuliza habari za maisha yake, hataanza na mgongo. Ataanza na mtoto wake Martha, atahamia kwa Mwalimu Bonaventura, kisha atasema, kama alivyomwambia mwandishi wa habari hizi zaidi ya mara moja, "Mimi Mungu kanipendelea tu."

Haikuwa hivyo siku zote. Miaka miwili iliyopita Martha alikuwa anamaliza darasa la pili, na baba yake, Damiani, alikuwa ameshakata shauri kwamba inatosha. Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Nyumba ilikuwa na mbuzi wa kuchungwa, na uwele mchache uliosalia shambani ulihitaji mtu wa kufukuza ndege tangu alfajiri. Martha ndiye mtoto pekee aliyefikia umri wa kazi hizo.

Juu ya hayo yote, mwalimu akaanzisha kazi ya nyumbani. Kila siku mtoto alirudi na hesabu chache au sentensi za kuandika. Damiani hakuuelewa mtindo huo, na hakuficha.

"Nilimwambia mke wangu, huyu mwalimu ana mtoto asubuhi nzima," anasimulia Damiani, mwanamume mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. "Ameshindwa kumfundisha huko kwake, sasa anataka na jioni yangu? Kazi za hapa nyumbani anazo tele. Leo anamwongezea nyingine?"

Na mahali pa kuifanyia hapakuwepo. Vibao vya kuandikia ni mali ya shule na hulala shuleni, vimefungiwa kabatini. Daftari halikuwa kitu cha kununuliwa na mtu wa uwezo wao. Martha akawa anaandika chini uani kwa kijiti, akiwa amechuchumaa, ulimi nje kwa bidii. Akienda kuchota maji, kuku wanapita. Akirudi, hesabu zote zimechakurwa.

Luciana alimwona mtoto akiwafukuza kuku kwa machozi, siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu aliingia kwenye udongo.

"Nilijiuliza, mimi nakandikia watu kuta mji mzima, mwanangu anaandika chini na kuku?" anasema. "Nikaona aibu. Nikamtengenezea pake."

Alijaribu masizi na udongo peke yake, yakapukutika kama unga. Akaongeza maji ya mlenda, yakashika. Akasugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka ukuta ukang'aa. Kwa chaki, Martha alitumia vidonge vya udongo mweupe alivyookota na wenzake kandokando ya ziwa la karibu.

Tangu hapo kila alasiri, mbuzi wakiwa wamesharudi zizini na jua bado lipo, mtoto alisimama ukutani na mama akakaa karibu naye akichambua mboga. Luciana hakujua hata herufi moja. Aliuliza tu. Hii ni nini? Kwa nini umeandika hiki kabla ya kile? Martha alimweleza, na pale aliposhindwa kueleza, alijua mwenyewe kwamba hajaelewa. Kesho yake alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono darasani kuuliza.

Hilo mwalimu alilitambua. Mwalimu Bonaventura ni kijana mwembamba, mwenye kaptura iliyopigwa pasi, aliyetoka chuoni na kupangiwa Ilongero. Aliposikia Damiani anamtoa mtoto shule, hakwenda kwa jumbe kushitaki. Alimfuata zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Najua umekuja kwa neno gani."

Walizungumza wamesimama, ng'ombe wakiwapita. Mwishowe walikubaliana hivi: Jumamosi mwalimu atafika nyumbani, wasimame pamoja mbele ya ukuta, waone kazi aliyoifanya Martha wiki hiyo. Baba akiridhika, mtoto aingie darasa la tatu. Asiporidhika, mtoto ni wake, amchukue, na mwalimu hatasema neno tena.

Luciana hakulala vizuri wiki ile nzima. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo akilisimulia hufunika uso kwa viganja vyake vya udongo.

Jumamosi aliamka na wazo moja tu: nyumbani kwake anakuja mgeni wa heshima. Na kwa mwanamke yeyote wa huku, mgeni wa heshima hakuti ukuta mkavu wenye nyufa. Alimtuma Martha kisimani. Akakanda udongo, akaukandika upande wote wa mbele wa tembe, kuanzia kona mpaka kona, mikono ikienda yenyewe kwa mazoea. Moyoni alikuwa akipanga amchinjie mwalimu kuku yupi.

Aliposogea nyuma kutazama kazi yake, ukuta ulikuwa umependeza kweli. Ulikuwa mbichi, laini, mwekundu wote. Hapakuwa na kipande cheusi wala hesabu hata moja.

"Nilikaa chini pale pale," anasema. "Nikasema, Luciana, umemtoa mtoto wako shule kwa mikono yako mwenyewe."

Martha alirudi na mtungi kichwani, akautazama ukuta. Aliutua mtungi polepole. Muda si mrefu mwalimu naye akatokea, na Damiani akatoka zizini, wote wanne wakawa wamesimama mbele ya udongo uliokuwa bado unachuruzika maji. Luciana alijaribu kueleza, akashindwa, akalia.

Damiani alikunja uso. Hakuwa mkali, ila alikuwa ameahidiwa kuona kitu, na kitu hakipo. "Basi, mwalimu," alisema, "mimi na wewe tulipatana."

Mwalimu Bonaventura anakiri kwamba alidhani mambo yameharibika. Lakini alimtazama Martha, akamwona yeye hana hofu.

"Tulipatana tuone kazi, baba," alimjibu. "Mama amefuta maandishi. Mwandishi si huyu hapa? Mwambie aandike kitu. Chochote utakacho wewe."

Damiani si mtu wa kudanganywa kirahisi. Aliwaza kwamba mwalimu na mwanafunzi wake huenda wamepanga maneno ya kusema. Akamwomba mwalimu atoke nje ya boma, aende mpaka kule kwenye miti, ageuze mgongo. Mwalimu akaenda na kaptura yake iliyopigwa pasi, akasimama akiwapa mgongo.

Kisha Damiani akainama, akamnong'oneza binti yake sikioni. Alinong'ona kwa Kigogo, lugha ya kwao Manyoni, ambayo mwalimu haijui. Hata Luciana, aliyekuwa hatua chache tu, hakusikia.

Martha alifikiri kidogo, akiyageuza maneno ya baba yake kuwa Kiswahili. Chaki isingeshika kwenye udongo mbichi, kwa hiyo alichovya kidole majini, akaandika kwa kidole chenyewe, herufi moja moja, akizibonyeza ndani ya ukuta. Alipomaliza alimtazama mama yake, kisha akasogea pembeni.

"Mwalimu, njoo!" Damiani aliita.

Mwalimu akaja, akasimama, akasoma kwa sauti: "Babu yangu aliitwa Mazengo. Alikufa wakati wa njaa. Baba anamkumbuka."

Damiani aliomba asomewe tena, akasomewa. Akauliza jina liko wapi. Martha akamwonyesha. Akapitisha kidole juu yake bila kuligusa, kwa kuogopa kuliharibu, na machozi yakamtoka mbele ya mwalimu, mbele ya mkewe, na hakuyafuta.

"Baba yangu nilimzika nikiwa mdogo," anasema leo. "Njiani, tukitafuta chakula. Pale pahali hata mimi siwezi kupaonyesha. Jina lake lilikuwa kichwani mwangu tu. Ile siku nikaliona limeandikwa nyumbani kwangu, na mtu asiyemjua akalisoma. Ningesema nini tena? Nilisema mtoto aende."

Kuhusu mbuzi, alipatana na jirani wachungiane kwa zamu. Kuhusu ndege, anafukuza mwenyewe, na anasema kwa tabasamu kwamba ndege wamemdharau tangu siku ya kwanza.

Habari za ukuta ule zilienea, na wazazi wakaanza kumwita Luciana. Leo nyumba nyingi za Ilongero zina kipande cheusi kando ya mlango, na jana alitumiwa salamu kutoka Unyambwa kwamba anasubiriwa. Mwalimu Bonaventura siku hizi huzunguka majumbani jioni, akisahihisha kuta.

"Wapo wanaodhani natoa kazi ya nyumbani ili kuwachosha watoto," anasema mwalimu. "Sitoi nyingi. Nampa mtoto kile alichokielewa darasani, akakijaribu bila mimi kumsimamia. Nikiwepo, anategemea uso wangu. Nikikunja uso anajua amekosea. Nyumbani hakuna uso wangu, inabidi ategemee akili yake. Na mzazi akikaa karibu, hata asiyejua kusoma, mtoto anaona kwamba jambo hili ni kubwa. Mimi namshukuru sana yule mama. Chuoni hawakunifundisha nifanye nini mtoto asipokuwa na daftari."

Si wote walioelewa. Kuna baba mmoja aliyemchapa mwanawe kwa sababu ukuta ulikuwa na alama ya kosa, na mwalimu ilimbidi aende kumweleza kwamba kosa ndilo lililomleta mtoto shuleni. Kuna mabinti ambao ukuta wanao, lakini muda wa kusimama mbele yake hawana. Luciana akiwaona hao hubadilika sauti. Husema huwa anawaombea, na wakati mwingine huwasaidia kutwanga ili wapate kuandika japo mstari mmoja.

Alasiri imefika. Kwa Mzee Idrissa kipande cheusi kinakauka, na mzee mwenyewe amekwisha kujaribu kukinusa. Luciana amerudi kwake, amenawa, amekaa mbele ya tembe lao. Ukuta umekandikwa upya mara kadhaa tangu Jumamosi ile, lakini kila mara mikono yake huyazunguka yale maneno ya Martha na kuyaacha. Damiani hakubali mtu ayaguse. Udongo pale umepasuka, herufi bado zinasomeka.

Pembeni yake kuna kipande cheusi cha Martha, ambaye sasa yuko darasa la nne. Mwisho wa mwaka atafanya mtihani wa kwenda shule ya kati ya wasichana, bweni, mbali na hapa. Mwalimu anasema akijaliwa afya atashinda.

Na chini ya kipande hicho kipo kingine, kidogo, kipya, usawa wa mtu aliyekaa. Ukiuliza ni cha nani, Luciana hutazama pembeni.

"Changu," anasema. "Martha akienda bweni atatuandikia barua. Sasa ile barua nimpelekee mwalimu anisomee? Maneno ya mtoto wangu niyasikie kwa mdomo wa mtu mwingine? Hapana. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ananiachia kazi. Jioni anasahihisha. Barua yake ya kwanza nataka niifungue mimi na niisome mimi."

Martha anaingia uani, anatua mzigo wa kuni, anawaamkia waliopo. Kisha anachuchumaa mbele ya kile kipande kidogo. Anasoma kimya, kichwa kakiinamisha upande, na mama yake, aliyekandika kuta za nusu ya Ilongero, anakaa ameshikilia vidole vyake kwa wasiwasi.

"Mama, hizi mbili umepata," Martha anasema. "Hii ya tatu imegeuka, inatazama nyuma. Irudie."

"Ndiyo, mwalimu," Luciana anajibu, na kwa furaha ambayo haifichi hata kidogo anaifuta herufi kwa kiganja, anaokota chaki yake, na kuanza upya.