Mzizi wa Jino la Danstan

Danstan wa Mabawe ni mshereheshaji wa harusi, na mwenyewe husema Mungu alimpa mdomo mkubwa akasahau kumpa akili ya kuutumia. Kwa miaka mingi ushahidi ulikuwa mbele kabisa: jino moja la juu, la kijivu, limesimama kati ya wenzake weupe kama mtu aliyekuja ukumbini na mabuti ya shamba.

Alilivunja akiwa darasa la tatu. Kwenye ubatizo wa mdogo wake alimwona mjomba akifungua soda kwa meno, watu wakashangilia. Naye akataka kushangiliwa. Kizibo kilibaki palepale. Kilichoruka ni kipande cha jino. Shuleni alieleza kwamba alipigana na wavulana watatu wa Benaco. Hakuna aliyeamini, maana hata jogoo wa kwao alikuwa akimkimbiza.

Baada ya wiki chache ufizi ukavimba, ukatoa usaha. Mama yake, Mukeshimana, akampeleka hospitali ya misheni kwa daktari wa meno, Ildefonsa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza katoka masomoni. Danstan alitegemea kuona koleo. Badala yake daktari alimwonyesha mama picha ya eksirei.

"Mama, mzizi wa jino hili haujakomaa. Kuta zake ni nyembamba kama ganda la yai, na chini bado uko wazi. Nataka niusafishe kwa dawa, halafu nichokoze damu kidogo iingie ndani, nizibe juu. Mwili ukikubali, utaendelea kuujenga wenyewe."

"Na usipokubali?"

"Tutaling'oa. Siwezi kukudanganya."

Danstan alianza kulia kabla sindano haijatoka kwenye pakiti. Ilipomchoma alikuwa kimya, kwa kuwa alishachoka kulia.

Usaha ukakauka. Kila mwaka mama alimrudisha kupigwa picha, mpaka Danstan alipoota ndevu za kuhesabika na kuamua kwamba mwanaume hapelekwi hospitali na mama yake. Wakati huo dawa iliyozibwa ndani ilikuwa imelibadilisha jino rangi. Akajizoeza kucheka akiwa ameficha mdomo nyuma ya maiki. Wateja wakamsifu kwamba ni kijana mnyenyekevu, naye akazipokea sifa hizo bila kusahihisha chochote.

Alipokaribia kumwoa Clarisse, binti kutoka Nemba, akaona sasa basi: jino ling'olewe, awekewe jipya linalong'aa. Akarudi kwa Ildefonsa, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeshaingia mvi.

"Shikamoo, daktari. Nimekuja kung'oa."

"Marahaba. Kaa kwanza, nione."

Akampiga picha, akaisogeza kwenye mwanga, akaiangalia tena. Danstan akaanza kutubu kimoyomoyo.

"Mzizi umezidi kurefuka," daktari akasema. "Kuta zimenenepa, na ncha imefunga. Danstan, wapo niliowatibu hivihivi, mizizi yao ikabaki ilivyokuwa. Wengine usaha ulirudi, tukang'oa. Wewe mwili wako umejenga miaka yote hii, halafu unaniletea nibomoe?"

"Ni rangi, daktari. Naoa."

"Rangi tu? Rangi tunaipausha kutoka ndani. Ungekuja zamani ungekuwa umeshasahau."

Danstan akaligusa jino kwa ulimi. Kumbe katika kichwa chake chote, kitu pekee kilichokuwa kikikua kwa utulivu ndicho alichokuwa akikionea aibu.

Jino lilipauka, ingawa halikufanana kabisa na wenzake. Clarisse alilichungulia, akasema hajaona tofauti kubwa.

"Ila leo umecheka bila kujiziba," akaongeza. "Nilidhani kwenu mnalelewa kucheka mmejiziba."

Baadaye Ildefonsa akampigia simu. Alitaka kuwaonyesha madaktari wenzake, kwenye mkutano wa Bukoba, picha za jino hilo tangu utotoni, na alihitaji moja mpya. Danstan alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Alifika amevaa suti ya harusi, amenyoa, amejipaka mafuta mpaka masikioni.

Jeremia, mpiga eksirei, alimtazama juu mpaka chini.

"Kaka, tunachukua mzizi tu. Sura haitaonekana."

"Hata kidogo?"

"Hata pua."

Danstan akavua koti, akalikunja vizuri, akaachama.